Maji ya Sleti

Wapo watu ambao wakisikia harufu ya kisamvu kinachotwangwa, mate yanawajaa mdomoni. Mimi naona aibu. Nakaa Ufukoni, hapa mjini Mtwara, na jirani yangu wa upande wa jikoni anatwanga kisamvu karibu kila siku, kwa hiyo mnaweza kukisia maisha ninayoishi. Kinu kikianza kulia na ile harufu mbichi ya majani ikavuka ua, uso unanipata moto, na mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu natazama chini kama vile kuna mtu yuko karibu kunicheka. Jirani anadhani naitamani mboga yake. Juzi aliniletea bakuli.

Ninyi wa rika langu mliosoma shule za vijijini mtanielewa haraka. Rangi ya ubao haikununuliwa dukani. Kila mwisho wa wiki, kabla ya kuachiwa, wasichana tulitwanga mkaa pamoja na majani ya mihogo, wavulana wakaupaka ubao kwa matambara mpaka ukawa mweusi tii, na Jumatatu darasa zima likanuka mboga mbichi. Ndani ya harufu hiyo ndimo nilimofundishwa kuandika. Ndimo pia nilimopewa jina ambalo wazee wenzangu wa kijijini kwetu, karibu na Mahurunga, bado wananiita wakitaka kunichokoza.

Kabla ya shule kulikuwa na chuo, na chuo kilikuwa barazani kwetu. Babu yangu mzaa mama, Maalimu Issa, alisomesha Kurani watoto wa kijiji kizima. Mama alikuwa ameolewa upya Mikindani, mimi nikabaki kwa babu na bibi, kwa hiyo nilisikia alifu na be kabla sijajua kufunga kanga. Tuliandika kwenye mbao, kwa kalamu za unyasi alizochonga mwenyewe, na wino wake ulikuwa masizi ya chungu yaliyochanganywa na gundi ya mkorosho. Mtoto akishika somo lake, ubao ulioshwa ili uandikwe somo jingine.

Hapo kwenye kuosha ndipo palikuwa na sheria. Yale maji hayakumwagwa ovyo, maana yalikuwa yamebeba maneno. Yalikingwa kwenye kifuu cha nazi, mtoto akanywa funda moja, yaliyobaki yakamwagwa kwenye shina la mlimau ambao babu aliuzungushia vijiti ili mtu asipite juu yake. "Kunywa," babu alikuwa akituambia, "yasikae ubaoni tu." Wagonjwa nao aliwaandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha, wakanywa. Kwa akili yangu, basi, maandishi yalimwingia mtu kwa mdomo. Kuyaangalia na kuyaandika kulikuwa ni kupika tu. Kula kulikuja mwisho. Hata malimau ya mti ule tuliamini yamesoma, na mtoto aliyeyaiba tulimtarajia ahitimu kabla ya wenzake.

Kupelekwa shule kulizua ugomvi nyumbani. Bibi alikuwa na shamba la mpunga kule bondeni, upande wa mto Ruvuma, na ndege walikuwa hawamwonei huruma. "Mtoto wa kike akaandike nini?" aliuliza. "Ndege wanamaliza mpunga, ninyi mnahangaika na chaki." Babu akasema nitasoma kote kuwili, kwake na kwa serikali. Bibi akikasirika Kimakonde chake kilijitokeza: "Nangu simo!" Mimi simo! Lakini alikuwemo, na sana. Waliafikiana hivi: shuleni mtoto aliyeweza kuandika jina lake mwenyewe alipewa daftari, asiyeweza alirudishwa kuandika mchangani na watoto wapya. Nikipata daftari, nitaendelea. Nikirudishwa mchangani, nitakwenda bondeni kufukuza ndege, na habari ya shule isisikike tena nyumbani mle. Yote hayo waliyasema mbele yangu, kana kwamba mimi ni mkeka.

Mwalimu wetu wa darasa la kwanza alikuwa mwalimu Haule, kijana mrefu kutoka Songea, soksi zake zimevutwa mpaka magotini hata siku ya jua kali. Alitufundisha kuandika kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ilikuwa hewani. Tulisimama, tukanyoosha kidole, naye akaimba nasi tukaitikia: "Panda juu! Shuka chini! Zunguka! Weka mkia!" Wenzangu waliona ni mchezo. Mimi niliamini zile herufi zinabaki pale juu zikining'inia. Kengele ilipolia wakatoka mbio, mimi nikatoka nimeinama, nisije nikazivunja kwa kichwa.

Ngazi ya pili ilikuwa mchangani, nje, kwenye kivuli cha ukuta. Kila mtoto alisawazisha mchanga wake akaandika kwa kidole, mwalimu akapita akikagua, kisha akatoa amri: "Futeni!" Miguu yote ikafuta. Mimi nilichuchumaa pale nisijue la kufanya. Nani anakanyaga maandishi? Nilifuta kwa kiganja, nikauchota ule mchanga kwa sketi, nikaenda kuumwaga kwenye shina la mkorosho wa uwanjani. Niliporudi wenzangu walikuwa herufi mbili mbele, na mwalimu Haule, aliyedhani nazurura, alinichapa kwa rula kwenye mashavu ya miguu. Ikawa hivyo kila siku. Sikulia. Niliona ni gharama ya heshima, nikailipa.

Kilichoniliza ni kwamba sikuweza. Herufi nilizijua, naapa, lakini zilipofika chini kwenye mchanga zilikuwa zimegeuka. Zilitazama nyuma na jina langu lilianzia kule ambako majina ya wenzangu yaliishia. Mwalimu Haule aliliangalia kutoka upande huu, akazunguka akaliangalia kutoka upande ule. "Somoe," akasema, "hili umeliandika ukiwa umesimama kwa kichwa?" Darasa likacheka. Sikujua nimekosea wapi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba shuleni wanaanzia upande mwingine. Kwa mwalimu lilikuwa jambo la wazi mno kuhitaji kusemwa, na nyumbani tangu nizaliwe sikuwahi kuona mtu akianza kuandika ila kutoka mkono wa kulia.

Kisha zikaja sleti, vile vibao vyeusi vya jiwe vyenye fremu ya mbao, vilivyopita kwa watoto wengi kabla yetu. Kuzifuta, wenzangu walitema mate wakasugua kwa kiwiko. Mara ya kwanza kuona mtu anatemea mate maandishi nilifumba macho, nikingojea adhabu ishuke. Haikushuka. Tena wale waliotema mate zaidi ndio walioandika vizuri zaidi, na jambo hilo lilinivuruga akili kabisa.

Siku ya majina ilipokaribia, mwalimu Haule alichoka nami kwa upole. Alichukua sleti yangu akaniandikia jina juu kabisa kwa mkono wake: Somoe. "Hili hapa," alisema. "Litazame. Liige tu." Nililitazama asubuhi nzima. Lilikuwa zuri kweli, limesimama wima, na kila nilipoliiga chini yake likanigeuka. Jumatatu ile ubao ulikuwa umepakwa upya na harufu ya kisamvu imejaa chumba. Hapo ndipo nilipopata jibu, na nililipata kwa furaha, kama mtu aliyekumbuka alipoweka ufunguo. Tumekuwa tukiandika tangu muhula uanze, na hakuna hata mmoja aliyetupa tunywe! Yatakaaje?

Wakati wa mapumziko nilichota maji kwenye mtungi wa darasa, nikaiosha sleti juu ya kifuu cha kunywea, taratibu, kwa vidole vitatu, kama babu alivyonifundisha. Nilifuta kwanza herufi za kwangu zilizogeuka, nikazimwaga dirishani. Kisha nikaosha lile jina aliloliandika mwalimu, peke yake. Maji yalitoka ya kijivu. Nikasema bismillahi, nikanywa. Yalikuwa na ladha ya jiwe na ya mikono ya watu.

"Mwalimu! Mwalimu njoo! Somoe anakunywa sleti!"

Huyo alikuwa kiranja wetu, Hamisi, na sauti yake ilifika mpaka visimani. Darasa likajaa. Mwalimu Haule aliingia, akakiona kifuu, akaona midomo yangu yenye kijivu.

"Una kiu?"

"Hapana, mwalimu."

"Una njaa?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa unakunywa nini?"

"Jina langu," nikasema.

Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko cha namna ile. Walicheka mpaka wakashikana. Waliokuwa nje walipanda dirishani kuuliza kuna nini, wakaambiwa, wakacheka upya, na kabla kengele haijalia nilikuwa na jina jingine: Mnywa Sleti. Nilikuwa nimesimama na kile kifuu mkononi, nisijue pa kukiweka. Aibu niliyokuwa nikiijua mpaka siku ile ilikuwa ya kujikwaa au kuchanikiwa na nguo, inakuja inapita. Hii ilikuwa tofauti. Jambo nililofundishwa kuwa ndiyo adabu yenyewe lilikuwa limenifanya mchafu mbele za watu. Mwalimu Haule peke yake hakucheka. Aliogopa minyoo na kichocho, akaniambia kesho nije na mzazi.

Nilimwambia babu maneno mawili tu: mwalimu anakuita. Usiku ule sikula. Nilikuwa nimegundua kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: nilichukua desturi ya maneno ya Mwenyezi Mungu nikaitumia kwa chaki ya serikali. Shuleni nilikuwa mjinga, nyumbani nitakuwa kafiri. Sikujua nikimbilie wapi.

Asubuhi babu alivaa kanzu yake ya Ijumaa na siku haikuwa Ijumaa. Alitembea mbele na bakora yake, nami nyuma. Madirisha ya darasa hayakuwa na milango, kwa hiyo yaliyosemwa barazani yalisikiwa na wote, na waliotaka kuona waliona.

"Shikamoo, mzee," mwalimu Haule alisema.

"Marahaba, mwalimu. Nimeitwa."

"Mzee, samahani kukusumbua. Mtoto jana amekunywa maji ya kuoshea sleti. Yana uchafu, anaweza kuugua. Na mwandiko wake, mzee, unarudi nyuma. Nimejaribu kila njia. Siku ya majina ni Ijumaa hii, na kwa hali hii itabidi arudi mchangani."

Babu alinigeukia. "Umekunywa?"

"Nimekunywa, babu."

"Kwa nini?"

"Yasikae ubaoni tu," nikasema.

Babu aliinamisha kichwa, na masikio yake yakabadilika rangi. Nilidhani amekasirika. Leo, nikiwa na umri wake wa siku ile, najua nilichokiona: alikuwa ameona aibu, na haikuwa kwa ajili yangu. Kwanza maneno yake mwenyewe yalikuwa yamechekwa na kijiji kizima, na sasa yalikuwa yakirudishwa kwake na mtoto, mbele ya kijana wa rika la wanawe.

"Kilete hicho kibao," akasema.

Mwalimu alikuwa ameniandikia jina upya asubuhi ile, labda kumwonyesha mzazi jinsi linavyotakiwa kuwa. Babu akakishika kwa mikono miwili.

"Hapa pameandikwa nini, mwalimu?"

"Jina lake, mzee. Somoe."

"Hakuna neno baya ndani yake?"

"Hakuna. Ni jina tu."

"Na linaanzia upande gani?"

Mwalimu Haule alishangaa kidogo. "Huku, mzee. Kushoto."

"Kumbe," babu akasema. Akakitazama tena kile kibao. "Basi huyu hakukosea, mwalimu. Alikuwa anakuja kwa njia ya nyumbani."

Kisha akaomba maji. Akaiosha sleti juu ya kifuu, kwa vidole vitatu, akasema bismillahi, akanywa. Akabakiza kidogo, akashuka barazani polepole mpaka kwenye ule mkorosho, akamwaga shinani. Kicheko kilipasuka kutoka madirishani, kikubwa kuliko cha jana. Mwalimu Haule aligonga ukuta kwa rula, wakazidi. Babu akarudi, akanirudishia sleti yangu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Sasa tumekunywa wawili."

Ingekuwa vizuri niwaambie kwamba moyo ulinijaa. La. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona amenimaliza: jana nilikuwa mjinga peke yangu, leo tumekuwa ukoo. Wakati wa kurudi nilimwacha atangulie mbali, ili atakayekutana nasi asijue tuko pamoja, katika kijiji ambacho hata mbuzi walijua mimi ni mjukuu wa nani. Alipunguza mwendo, nami nikapunguza wangu. Hakugeuka. Tulifika nyumbani hivyo hivyo, yeye kwanza, mimi baadaye.

Jioni alichukua unyuzi wa ukindu kutoka kwenye mkeka ambao bibi alikuwa akiusuka, akanifunga kwenye mkono wa kushoto. "Shuleni unaanzia kwenye ukindu," alisema. "Hapa barazani unaanzia kusiko na ukindu. Basi."

"Elimu gani hiyo inaanzia mkono wa kuchambia?" bibi akauliza.

"Ya serikali," babu akamjibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimwona akitabasamu.

Alinikalisha mchangani mbele ya nyumba, nikaandika jina langu, likatoka likitazama mbele. Nikaandika tena. Hakujua kulisoma, kwa hiyo kila mara aliniuliza, "Limekuja?" nami nikamjibu limekuja, au bado. Giza lilipoingia alifuta kwa kiganja, akauchota mchanga wote, akaupeleka kwenye mlimau ndani ya vijiti. Nilimwona.

Ijumaa niliandika jina langu, nikapewa daftari. Bibi aliendelea kufukuza ndege mwenyewe, akiwatukana kwa Kimakonde, na mchele wetu mwaka ule ulitosha. Lakini msidhani aibu iliondoka kwa sababu ya daftari. Watoto walimwongezea babu jina naye, wakamwita Babu Sleti, wakipita barazani wakiimba, naye akaitikia "Naam!" kana kwamba wamemsalimia. Mimi nilijificha ndani. Muda si mrefu nikaacha na chuo, kwa kisingizio cha masomo ya shule, na unyuzi wa ukindu ulipokatika hapakuwa na sababu ya kuufunga mwingine. Babu hakunilazimisha. Ubao wangu alikaa nao barazani, safi, bila kumpa mtoto mwingine.

Alifariki nikiwa darasa la tatu, kabla ya mvua kuanza. Kwetu makaburi hayakuwa na majina. Kila mtu alijua nani amelala wapi. Lakini mjomba wangu alifanya kazi bandarini Mtwara, alikuwa ameona makaburi ya mjini, na siku ya arobaini alisema mtu kama Maalimu Issa hawezi kulala bila jina. Akauchukua ule ubao wangu wa chuo, akauchimbia upande wa kichwani. "Somoe aandike," akasema. "Si amesomeshwa?"

Rangi haikuwepo. Nilifanya nililolijua: nikatwanga mkaa na majani ya mihogo kwenye kinu cha bibi, nikachovya kijiti kilichofungwa kitambaa, na mbele ya ndugu na majirani nikaandika jina la babu, nikianzia kwenye mkono uliokuwa na ukindu. Lilikaa vizuri. Hata Hamisi, kiranja wa zamani, alisema limekaa vizuri. Nikajisikia mtu.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki hiyohiyo. Asubuhi yake mjomba, aliyekwenda kuaga kaburi kabla ya kurudi mjini, alikuta ubao mtupu. Alituita sote. "Ungesema hujui, ningenunua rangi mjini," aliniambia. "Umetutia aibu." Mtu mmoja nyuma akasema ndiye Somoe na maji yake, wengine wakaziba midomo. Uso ulinipata moto. Nilisimama pale mpaka walipoondoka wote, kwa sababu sikuweza kutembea katikati yao.

Nilipoinama kuufuta ubao vizuri, niliona mkaa haukuwa umepotea. Ulikuwa umeteremka na maji, mistari myembamba myeusi, kutoka kwenye ubao mpaka chini, ukaingia mchangani upande wa kichwa chake. Harufu ya kisamvu bado ilikuwepo.

Nilikwenda nikavunja vijiti, nikapazungushia pale, ili mtu asipite juu yake.